2147483647: namba tasa iliyo pia ukomo wa kompyuta

Ukiisoma kwa maneno ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kuna njia fupi: chukua 2 kwa kipeo cha 31, kisha toa 1. Namba za umbo hili huitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa karne ya 17. Hii yetu ni tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Umbo peke yake halitoshi, hata kipeo kikiwa tasa. Jaribu kipeo cha 11: 2048 ukitoa 1 unapata 2047, ambayo ni 23 mara 89. Lakini vitazame vigawo hivyo. 23 ni 22 na 1; 89 ni 88 na 1; na 88 ni kigawe cha 22, yaani cha 11 mara mbili. Si bahati. Kipeo kikiwa tasa kubwa kuliko 2, kila kigawo cha namba ya Mersenne huwa hivyo.

Kwa kipeo cha 31, basi, kigawo chochote lazima kizidi kigawe cha 62 kwa 1. Hakuna haja ya kuhangaika na 3, 7, 11 wala 13. Tasa ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311, nayo inaacha baki 35. Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler aliongeza sharti: kigawo kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili; na kwa kuwa kipeuo cha pili cha namba yetu hakifiki 46341, zinabaki namba 373 tu za kuchunguza, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo zinaachwa. Mwaka 1772, akiwa St. Petersburg na karibu kipofu kabisa, alitangaza kuwa hakuna hata moja inayoigawanya. Hapo namvulia kofia.

Kwenye kompyuta habari ni nyingine. Katika namba za msingi wa mbili, zinazotumia 0 na 1 tu, namba yetu huandikwa kwa 1 thelathini na moja mfululizo. Nafasi ya biti 32 (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1) ikitoa biti moja kwa alama ya hasi, hapo ndipo mwisho. Ongeza 1 na unaangukia −2147483648. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 itafika hapo Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, saa isiyorekebishwa itadhani ni Desemba 1901.

Wengine hudhani utasa ndio ulioipa kazi hiyo. Wala. Ukomo wa biti 64, 9223372036854775807, unagawanyika kwa 7, tena mara mbili.