Si mvua inayoangusha ndege

Ndege ndogo ikianguka ikijaribu kutua, hapa Kisumu utasikia neno lile lile kwenye matatu na sokoni: "Mvua imeiangusha." Naelewa. Mawingu yanayopanda kutoka ziwani jioni yanatisha hata ukiwa umesimama chini. Ila mara nyingine injini huwa inanguruma vizuri na mabawa ni mazima mpaka ndege inapogonga mlima. Kilichokosekana ni kuona. Tarehe 5 Juni 2018 Cessna Caravan iliyotoka Kitale na watu 10 iligonga milima ya Aberdare ikikaribia Nairobi. Iliwachukua waokoaji siku mbili kuipata. Hakuna aliyepona.

Wengine husema rubani mzoefu huhisi ndege imelalia upande gani. Ndani ya wingu, sikio humdanganya mzoefu na mwanafunzi vilevile: ndege ikipinda polepole, mwili unaapa kwamba imenyooka. Ndiyo maana rubani anafundishwa kuamini vyombo vya ndege kuliko mwili wake.

Na vyombo navyo vina maana yake. Watu hudhani altimita, chombo cha kuonyesha kimo, inapima umbali hadi ardhini. Inasoma mgandamizo wa hewa, na ikishawekwa sawa huonyesha kimo kutoka usawa wa bahari. Ndege ikiwa imeegeshwa uwanjani Kisumu, mshale unasimama karibu na futi 3,700. Kwenye futi 6,000 uko salama juu ya mashamba ya mpunga ya Ahero. Endelea mbele kidogo kuelekea kaskazini-mashariki, na mji wa Nandi Hills uko juu kuliko wewe.

Wala mnara wa kuongozea ndege hauwezi kukutua. Unatoa taarifa, kama hali ya upepo, na ruhusa. Rubani anayetua kwa vyombo ana kimo cha mwisho cha kushuka, na akikifikia bila kuiona njia ya kutua, lazima apande tena.

Hapo ndipo penye dhana inayoniuma kuliko zote: eti anayepanda tena ni mwoga, au hajui kazi. Safari moja tulizunguka juu ya ziwa mara mbili, kisha tukapelekwa Eldoret. Mzee mmoja aliyekuwa anawahi mazishi Bondo alifoka njia nzima, na sisi wengine tukamuunga mkono, mimi nikiwemo. Tulipotua, rubani alisimama mlangoni, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Akamshika mzee mkono ateremke.

"Pole sana, mzee wangu. Uwanja sikuuona."