Bei ya dagaa Mwaloni na nyaya za Serengeti

Kila nikipita Mwaloni pale Kirumba lazima niulize bei ya dagaa. Wale akina mama wameshanizoea, wananiita bwana nyama na kunitania kwamba nimekosea soko, nyama haziuzwi huku. Na kweli sinunui kihivyo, labda sado moja ya nyumbani basi. Ila kazi yangu ni wanyamapori, nimesomea ikolojia na miaka mingi nimeimalizia upande wa magharibi wa Serengeti, na bei ya dagaa ni kati ya vitu vinavyonipa picha kama huko porini tutaokota nyaya za mitego nyingi au kidogo.

Najua inasikika kama nachanganya mada, subiri kwanza. Ukipanda basi hapa Mwanza kwenda Musoma, ukishapita Lamadi kidogo tu unakutana na geti la Ndabaka mkono wa kulia, hapo ndo Serengeti inaanza, na mkono wa kushoto ziwa liko pale pale, ghuba ya Speke. Yaani hifadhi yenye nyumbu kama milioni 1.3 na ziwa lenye sangara na dagaa vimetenganishwa na lami na vijiji, na watu wa hivyo vijiji jioni wanataka ugali na kitoweo kama wewe na mimi. Watafiti walishapita kaya kwa kaya wakaona kwamba walio karibu na ziwa wanakula samaki zaidi, walio karibu na hifadhi wanakula nyamapori zaidi, na samaki wakipanda bei ulaji wa nyamapori nao unapanda. Kwahiyo sangara anayesafirishwa Ulaya, dagaa anayepakiwa kwenda Congo, mbalamwezi inayowafanya wavuvi wa dagaa walale nyumbani siku kadhaa kila mwezi, vyote hivyo vinamfikia nyumbu ambaye hajawahi hata kuliona soko.

Watu wakisikia jangili wanawaza mtu na bunduki ya kivita. Wapo, nitafika huko. Ila huku kwetu jangili wa kawaida ni kijana ana shamba dogo la pamba na mtoto anadaiwa michango shuleni, na silaha yake ni tairi bovu. Tairi linachomwa, mpira ukiisha zinabaki nyaya, zinasokotwa kidogo, kinatengenezwa kitanzi kinafungwa kwenye mti usawa wa kichwa cha nyumbu. Hategi kimoja, anatega mstari mzima kwenye vichaka vya mtoni ambapo wanyama hawana pa kupita pengine, halafu anaondoka anaenda kulima. Hakuna mlio wala risasi ya kununua. Mnyama akiingiza kichwa, anavyozidi kuvuta ndo kinavyozidi kukaza, na msimu ule nyumbu wanaposhuka huku magharibi, kuanzia kama mwezi wa tano hadi wa saba, mstari mmoja unaweza kunasa wanyama wengi kuliko anaoweza kuwabeba. Wengine wanaozea pale pale. Waliobahatika kufikiwa wanachanwa, wanakaushwa kuwa vimoro, vinapita usiku kwa baiskeli au bodaboda.

Watafiti Dennis Rentsch na Craig Packer walipiga hesabu ya nyumbu wanaoliwa hivi wakapata kati ya 98,000 na 140,000 kwa mwaka. Nikiitaja hii namba kuna mdau lazima aniulize, sasa si wako milioni na zaidi, shida iko wapi? Swali zuri tu, na sitakudanganya kwamba nyumbu anaisha kesho. Shida ni kwamba waya hauchagui. Umetegwa kwa ajili ya nyumbu ila anapita simba, anapita mbwa mwitu ambao wenyewe tayari ni wachache, anapita mtoto wa tembo ananyoosha mkonga. Nimeshaona tembo mkonga umekatika karibu nusu, anakunja magoti ili aweze kula majani, na simba jike mwenye waya uliozama shingoni mpaka nyama imeota juu yake, huyu bahati yake daktari wa mifugo alifika akamchoma sindano ya usingizi tukautoa. Harufu ya kile kidonda siwezi kukuelezea. Kwa nyumbu kufa mmoja kati ya kumi na kitu kundi linaweza kuhimili, kwa mbwa mwitu wire mbili tu zinavunja familia nzima maana wanawinda kwa kutegemeana.

Tangu 2017 kuna vikosi maalum vinatembea kwa miguu kuokota nyaya ndani ya Serengeti, na wengine humo ndani walikuwa majangili wenyewe zamani. Hao ndo walimu wangu aisee. Mimi na digrii yangu napita napaona kichaka, yeye anasimama anasema "mwalimu, usisogee mguu", anainama anatoa kitanzi sentimita chache kutoka kwenye buti langu.

Sasa wale wa bunduki. Faru na tembo ni biashara nyingine kabisa, haina uhusiano na ugali. Mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, watalii wakapungua ghafla, hela ya doria ikakauka, na Serengeti ilikuwa na faru mamia. Mwishowe pale Moru, humo humo Serengeti, walibaki wawili, wote majike! Kilichookoa ni dume mmoja, Rajabu, aliyetembea mwenyewe kutoka Ngorongoro miaka ya 1990 akawafikia. Na msidhani kisiwa ni salama zaidi, pale Rubondo, ziwani kwetu kabisa, walipelekwa faru 16 miaka ya sitini wakiamini maji yatawalinda, jangili akaja na mtumbwi, hakubaki hata mmoja. 2010 wakaletwa faru watano kutoka Afrika Kusini kuja Serengeti kwa sherehe kubwa, rais akawapokea mwezi wa tano, mwezi wa kumi na mbili mmoja wao anayeitwa George ameshauawa na pembe hazipo.

Tembo ndo usiseme, nchi nzima sensa ya 2009 ilitoa kama 109,000, ya 2014 kama 43,000. Hiyo haifanywi na mtu wa baiskeli. Mama wa Kichina aliyehukumiwa miaka 15 jela na mahakama ya Kisutu mwaka 2019, Yang Fenglan, alikuwa anaendesha mgahawa Dar, na kesi yake ilihusu vipande zaidi ya 800 vya meno ya tembo. Aliyepiga risasi porini analipwa hela ya kununua pikipiki, hela yenyewe iko kwenye kontena. Kila nikiona siku hizi mabondo ya sangara, vile vibofu vyao vya hewa, yanavyogombaniwa hapa mjini kwa bei inayozidi minofu mara nyingi, na soko likiwa kule kule Asia, moyo unanidunda kidogo, ila hiyo tuiache siku nyingine.

Mtu aliniuliza inbox juzi, kula nyamapori ni kosa? Hapana, sasa hivi kuna mabucha ya nyamapori yanaruhusiwa kisheria, yana leseni na nyama inatoka kwenye uwindaji halali. Dai risiti. Ile ya kuletewa usiku kwenye mfuko wa rambo, imekaushwa na bei ya kishkaji, hiyo ni nyara za serikali na ukikamatwa nayo unalala ndani wewe, aliyekuuzia yuko kwake.

Zile nyaya tunazookota tunazirundika nyuma ya kambi. Siku moja alikuja jamaa na mzani wa kuning'iniza, mnunuzi wa chuma chakavu, akaangalia lile rundo akauliza kilo tunatoa kwa shilingi ngapi. Askari mmoja kijana akaanza kupiga hesabu kabisa. Yule mzee wetu, jangili mstaafu, akamkatisha, "mpe, alafu mwezi ujao tukaziokote tena kule kule." Jamaa akapanda baiskeli yake akaondoka. Rundo bado lipo.