Meno Hayalegezwi na Kusafishwa

Nimechoka. Maneno haya nimeyasikia barazani, nimeyasikia kwenye boti ya Mokowe inayotuvusha kuja Lamu, nimeyasikia kwa bibi harusi siku chache kabla ya kuingia ndani, na juzi nikayasikia kwa mwalimu wa sayansi, mtu mzima na akili zake: "Daktari, ning'olee hili gego tu. Mengine usiyaguse. Shemeji yangu alisafishwa meno, na mwezi haukwisha yote yakawa yanacheza." Mwalimu wa sayansi, jamani! Basi leo nayaandika, na atakayeniuliza tena nitamrushia kiungo hiki kwa WhatsApp nikanywe kahawa yangu.

Jibu fupi ni kwamba hayakulegezwa. Yalikuwa yamelegea tangu zamani. Jibu refu ni refu kweli, kwa sababu shemeji hakusema uongo. Alikiona alichokiona. Na linaloniudhi zaidi si shemeji, ni sisi wenye makoti meupe tunaomjibu mgonjwa "hakuna kitu kama hicho" na kumfukuza na dawa ya kusukutua. Mtu meno yake yanacheza mdomoni mwake mwenyewe, wewe unamwambia hakuna kitu. Akitoka hapo atamwamini nani?

Jino halijaungana na mfupa moja kwa moja. Baina yao kuna nyuzi nyembamba zilizoukamata mzizi na kuufunga kwenye ukuta wa taya. Ukoga, ule utando laini wa vijidudu, ukilala shingoni mwa jino, ufizi unawaka, unavimba, unatoka damu ukiguswa. Kwa baadhi ya watu mambo hukomea hapo. Kwa wengine moto unateremka: nyuzi zinakatika, mfupa unaliwa, na baina ya ufizi na mzizi panabaki mfuko. Mfuko wa milimita 1 hadi 3 ni wa kawaida. Wa 4 ukitoka damu nauandika kwenye kadi. Wa 7 nanyamaza kidogo kabla ya kumwambia mwenyewe. Na yote haya hutokea bila maumivu, miaka kumi, miaka kumi na mitano, mtu akila halua na kutafuna mifupa ya mbuzi kama kawaida.

Wakati huohuo ugaga unajijenga. Mate yana madini ya chokaa, na ukoga usiposuguliwa hugeuka jiwe, khasa nyuma ya meno ya mbele ya chini ambako mate humwagika. Kwa watafunaji wa tambuu ugaga huo huwa mwekundu unaoelekea weusi. Nimeuona uliounganisha meno sita yakawa kitu kimoja. Mwenyewe anaamini ana meno imara kuliko ya wanawe, na ukiyagusa kwa kidole kweli hayatikisiki. Hapo ndipo ilipo siri yote. Ni mambo ya nyumba zetu za mawe: boriti imeliwa na mchwa ndani, lipu ya chokaa ndiyo inayoishikilia, kisha fundi anayebandua lipu ili airekebishe ndiye anayeambiwa amevunja nyumba.

Nikiuondoa ugaga ule, hutokea mambo matatu kwa pamoja, na kila moja linastahili kuelezwa kabla, si baada.

Kwanza, kifungo kimeondoka, na meno yaliyokuwa yakiegemeana sasa kila moja linasimama kwa mfupa wake lenyewe. Kama mfupa umebaki theluthi, litacheza kwa kadiri ya theluthi hiyo.

Pili, uvimbe unapungua. Ufizi uliokuwa umefura hunywea, na mizizi iliyokuwa imefichwa inatokeza. Utafiti umelipima jambo hili mara nyingi, na matokeo hayapishani sana: mfuko wa milimita 4 hadi 6 ukisafishwa vizuri hupungua kama milimita 1, na wa 7 na zaidi hupungua kama 2. Lakini karibu nusu ya upungufu huo hautokani na ufizi kushikana tena na mzizi. Unatokana na ufizi wenyewe kuteremka. Kwa maneno mengine, tunayoyaita mafanikio kwenye kadi, mgonjwa huyaona kwenye kioo kama meno marefu yenye mapengo. Mwanya wa kuzaliwa nao ni urembo na umeimbiwa sana pwani hii. Huu mwingine hauimbiwi na mtu. Juu ya hayo, maji baridi sasa yanagonga mzizi ulio wazi na mtu anaruka kitini. Ukimwambia haya kabla, anavumilia. Ukimwambia baadaye, anaona unajitetea.

Tatu, na hili vitabu hulitaja kwa sauti ya chini: kazi yenyewe ya kukwangua mizizi yenye mifuko mirefu inaweza kuliongezea jino mtikisiko kwa siku kadhaa. Nyuzi zimesumbuliwa, zinawasha. Kwa kawaida hutulia wiki zinazofuata, na mengi huwa imara kuliko yalivyokuwa. Kwa hiyo shemeji akienda kwa jirani siku ya tano kulalamika, analo la kulalamikia. Lakini naye arudi apimwe baada ya miezi mitatu, harudi! Anabaki na hadithi ya siku ya tano maisha yake yote.

Nitaongeza jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Kuna kusafishwa kunakodhuru. Mwaka 1982 mtafiti wa fizi Jan Lindhe na wenzake walionyesha kwamba ukikwangua mzizi penye mfuko usiozidi milimita 2.9, kwa wastani unapoteza mshiko, yaani ufizi na nyuzi zilivyolikamata jino, badala ya kuupata. Yaani chombo kikipelekwa chini ya ufizi pasipo na ugonjwa, kinakata nyuzi nzima. Ndiyo maana napima kila jino pembe sita kabla ya kushika chombo chochote, na ndiyo maana mtu aliyesafishwa bila kupimwa ana haki ya kuuliza kwa nini. Na ule wimbo wa "kila mtu asafishwe kila miezi sita" hauna mguu mzuri wa kusimamia. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio yaliyofanyika Uingereza kwa watu wazima wasio na ugonjwa mkali wa fizi na ambao huenda kwa daktari wa meno mara kwa mara. Waliosafishwa kila miezi sita, waliosafishwa kila mwaka na wasiosafishwa kabisa hawakutofautiana kwa jambo la maana baada ya miaka miwili au mitatu. Sisemi usije. Nasema ukija bila mifuko nitakupima, nitakuonyesha unapokosea kwenye mswaki, na huenda nisikutoze pesa ya kusafisha. Mhasibu wetu ananichukia.

Sasa, kama ugaga ndio huo jiwe, je, jiwe ndilo linalokula mfupa? Hapana, na hapa ndipo nafurahia kazi hii. Miaka ya 1970 ilionekana kwa nyani kwamba ugaga ukiuliwa vijidudu kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya kinywani, ngozi ya ufizi inaweza kujishika juu yake bila ugomvi. Jiwe ni makao tu. Wakosaji ni walio hai juu yake. Tena si wao peke yao.

Mtafiti wa fizi Harald Løe, kule Aarhus, Denmark, mwaka 1965 aliwaachisha mswaki watu 12 wenye fizi nzima. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zinazowaka. Wakarudishiwa mswaki, fizi zikapona. Kwa hiyo ukoga na kuwaka kwa ufizi, kesi imekwisha. Lakini kuwaka si kuoza kwa mfupa. Løe huyohuyo na wenzake waliwafuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai ya Sri Lanka kuanzia mwaka 1970 kwa miaka 15, watu wasiopiga mswaki wala kumjua daktari wa meno. Meno yao yote yalijaa ukoga na ugaga. Asilimia 8 walipoteza mshiko kwa kasi ya kutisha, asilimia 81 polepole, na asilimia 11 hawakuvuka kiwango cha fizi kuwaka. Uchafu uleule, hatima tatu.

Na msidhani hayo ni ya mbali. Hapahapa Kenya, Baelum, Fejerskov na Manji walipima watu 1,131 wa Machakos wenye umri wa miaka 15 hadi 65 na kuchapisha matokeo mwaka 1988. Ukoga na ugaga ulikuwa karibu kwa kila mtu, lakini mifuko mirefu ilijikusanya kwa wachache, na wengi walizeeka na meno yao mengi. Kabla ya hapo vitabu vya Ulaya vilikuwa vikituandika Waafrika kama watu wenye fizi mbovu kupita wote. Machakos iliwapa jibu.

Basi ni nini kinachoamua? Kinga ya mwili ndiyo inayovunja mfupa katika kupigana, hilo linakubaliwa. Nani anayeichokoza mpaka ifike huko ndilo suala. Tulifundishwa kukariri vijidudu vitatu vya "kundi jekundu", jina ambalo mtafiti Socransky aliwapa wanaoandamana zaidi na mifuko mirefu. Kisha mwaka 2011 Hajishengallis na wenzake wakaonyesha kwa panya kwamba mmoja wa hao watatu, Porphyromonas gingivalis, hata akiwa kwa idadi ndogo sana, huvuruga kinga na kuwageuza vijidudu wengine wa kawaida kuwa wengi na wakali. Na kwa panya waliolelewa bila kijidudu chochote, peke yake hakuweza kuuangusha mfupa. Mimi bado siko tayari kusema ni vijidudu wanaoleta moto au ni moto unaowalisha vijidudu. Pengine vyote viwili. Ukiniletea kijana wa miaka ishirini mwenye ugaga mwingi na mifuko mifupi, siwezi kukuambia kwa hakika atakuwa wa asilimia 8 au wa asilimia 11. Namtibu kana kwamba ni wa 8.

Kuna mawili ninayoyauliza kabla ya yote. Sukari: mwenye kisukari kisichodhibitiwa fizi zake huharibika haraka zaidi, na mlango unafunguka pande zote mbili, kwani kutibu fizi hushusha kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa karibu asilimia 0.4. Si kidogo hivyo. Nimewahi kumtuma mtu akapimwe sukari kwa sababu ya fizi tu, na akarudi na kadi ya kliniki ya kisukari. Na sigara: mvutaji huniambia kwa fahari kwamba yeye hatoki damu. Ndiyo, bwana, kwa sababu sigara inaficha damu. Mfupa unaondoka kimyakimya.

Vidonge: metronidazoli na amoksilini, dawa za kuua vijidudu, zinazonunuliwa dukani, siku tatu, damu ikapungua, mtu akajiona amepona. Vijidudu wamejifunika kwa ute wao na dawa haiwapati inavyostahili. Dawa hizo mbili zina kazi kwa wagonjwa wachache, khasa vijana ambao mfupa unakimbia, na hata hapo huenda pamoja na kusafishwa mizizi, si badala yake. Basi.

Mswaki wa mti ni mzuri, tumieni, lakini upande wa ndani wa meno na baina ya meno haufiki vizuri, na wanaousugua kulia na kushoto kwa nguvu huuteremsha ufizi wenyewe. Na Ramadhani si kisingizio. Suala la mswaki baada ya adhuhuri waulizeni mashekhe. Mimi nasema tu baada ya futari na baada ya daku hakuna aliyekuzuia, na hiyo ni mara mbili.

Linalobaki kunikera ni ratiba. Nilifundishwa kusafisha mizizi robo ya kinywa kwa kila ziara, ziara nne, wiki moja moja. Mwambie hivyo mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, anayengoja maji yajae ndipo boti ipite mlango mwembamba wa Mkanda, na kila safari ni nauli na siku ya kazi iliyokwenda. Haji mara ya pili. Nashukuru majaribio yaliyolinganisha njia hiyo na kusafisha kinywa chote kwa mara moja hayakuona tofauti kubwa, kwa hiyo wa visiwani nawamaliza siku moja au siku mbili mfululizo, wanarudi kwao midomo imekufa ganzi na vibrashi vya kupitisha baina ya meno mfukoni. Ukweli ni kwamba vibrashi hivyo, kila usiku, vinafanya kazi kubwa kuliko yangu.

Baada ya miezi mitatu napima tena. Jino ambalo mfuko wake umefunga na damu imekoma, lakini bado linacheza kidogo, siling'oi. Hilo halina ugonjwa tena, lina mfupa mchache tu. Likimsumbua mtu kutafuna nalifunga kwa waya na majirani zake. Lisipomsumbua naliacha, na mengine nimeyaacha hivyo na bado yanatafuna.