Kupima Hatari Kabla Ukatili wa Mwenzi Haujaua

Mwanamke anayefika kwa ofisa ustawi wa jamii jijini Mwanza huulizwa kwanza kuhusu majeraha: alipigwa wapi, kwa kitu gani, damu ilitoka? Maswali hayo ni ya lazima kwa matibabu na kwa fomu ya polisi, PF3, lakini hayatoshi kutueleza kama maisha yake yako hatarini. Jeraha husimulia yaliyokwisha kutokea, ilhali hatari hupimwa kwa mwenendo wa mwanaume mwenyewe, na hasa kwa kuangalia kama ukatili wake unazidi.

Katika miaka ya 1980 muuguzi na mtafiti Jacquelyn Campbell wa Marekani alitengeneza kipimo ambacho sasa kina maswali 20 na kalenda. Mwanamke huweka alama kwenye siku alizopigwa katika mwaka uliopita na kuandika ukali wa kila kipigo. Kwa mke wa mvuvi wa dagaa tarehe huenda zisikumbukwe, lakini anajua kama ilikuwa wakati wa giza, mumewe akiwa ziwani, au wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa nyumbani. Alama zikianza kusogeleana, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayenyamaza na kuitazama karatasi upya.

Swali ninaloomba lisiachwe kamwe ni la koo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana uwezekano zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa naye. Hata hivyo, wengi hutuambia, “Alinikaba tu, hakunipiga.” Shingo inaweza isiwe na alama yoyote, huku sauti ikiwa imekauka, kumeza kukiwa kwa shida, au mkojo ukiwa ulimtoka bila kujijua. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mshipa wa shingo ulioumia unaweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye.

Vitisho vya kuua, panga lililowahi kuinuliwa, kulazimishwa kingono, kipigo wakati wa ujauzito, wivu wa kukagua simu na kufuatilia kila hatua, hata mwanaume kutishia kujiua: vyote huongeza uzito. Mwanamke akisema “ataniua”, aaminiwe. Asipoonyesha hofu, tusipumue bado, kwa sababu wengi waliouawa au kunusurika hawakudhani kwamba mambo yangefika huko.

Wazee wa ukoo na wenyeviti wa mitaa, nawasihi msiwakalishe hawa wawili kwenye kikao kimoja cha suluhu kabla hatari haijapimwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi yeyote haki ya kumpiga mwenzi wake. Vilevile, kumwambia “si uondoke tu” bila mpango ni kumweka pabaya, kwani kipindi cha kuachana ndicho chenye hatari kubwa zaidi. Vyeti vya watoto, nauli na nguo chache vihifadhiwe kwa mtu anayeaminika, na siku ya kuondoka isitangazwe. Kwa anayeishi kisiwani, ambako boti ni chache na kila aliyepo mwaloni humwona anayepanda, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi lishirikishwe mapema, na ijulikane ni nani atampokea upande wa pili.