Eti Biblia haikumkemea Daudi?

Juzi tena darasani kijana kaniuliza, mwalimu mbona Daudi kalala na mke wa mtu na mwandishi yuko kimya tu, si ina maana wafalme waliruhusiwa? Hili nimelisikia mpaka nimechoka. Jamani 2 Samweli 11 isomeni taratibu! Mstari wa 1 tu, msimu wa wafalme kwenda vitani, Yoabu, mkuu wa majeshi yake, na jeshi wako Raba, mji wa Waamoni, Daudi kabaki Yerusalemu, hapo tayari keshapigwa dongo. Halafu fuatilia neno kutuma: anatuma watu wamuulizie Bathsheba, huyo mke wa mtu, anatuma aletwe, anatuma Uria, mumewe, aitwe toka vitani ili akalale kwake na mimba ya Daudi ifichike, yeye mwenyewe hanyanyuki. Sasa mwangalie Uria, Mhiti, asili yake wala si Israeli, mwandishi anampa nafasi ya kuongea mstari mmoja tu, wa 11, anasema sanduku la Mungu na wenzangu wako vibandani, mimi niende kwangu nikale, ninywe, nilale na mke wangu? Na hajui anamwambia nani! Kesho yake analeweshwa na bado haendi nyumbani, yaani mgeni akiwa kalewa ana msimamo kuliko mfalme mwenye akili zake timamu. Asubuhi anabebeshwa barua ya kifo chake mwenyewe na anaifikisha kwa Yoabu. Mwandishi anangoja mpaka mstari wa mwisho ndo aseme lile jambo lilikuwa baya machoni pa Bwana, na sura ya 12 inafunguka na Bwana akamtuma Nathani, nabii, aje kumkemea Daudi, sasa aliyezoea kutuma naye katumiwa mtu. Kama huko si kukemea basi sijui mlitaka nini, matusi?

Nyingine, ile "mwanzo wako ujapokuwa mdogo" mnayobandika madukani, Ayubu 8:7. Aliyesema ni Bildadi, mmoja wa marafiki wa Ayubu, na kwenye 42:7 Mungu anasema yeye na wenzake hawakunena sawa. Ndo maana kitabu kinaanza kwa kutuambia Ayubu ni mkamilifu, ili maneno matamu ya marafiki zake yasitubebe. Soma nani anaongea kabla hujabandika.

Na Paulo eti mtu wa majivuno. 2 Wakorintho 11 mwenyewe anasema naongea kipumbavu, anahesabu viboko, mawe, kuvunjikiwa jahazi mara 3, anamalizia na kushushwa ukutani Dameski ndani ya kapu akikimbia kukamatwa. Jeshi la Roma lilimvika taji askari wa kwanza kuparamia ukuta wa adui, na Korintho ilikuwa koloni la Warumi. Huyu anawaandikia kujisifu alivyoteremshwa kama mzigo wa sokoni.