Je, wajua mafuta ya chipsi za mchana yanaweza kuingia kwenye damu jioni ukinywa kitu chenye sukari?

Mi kwa miaka niliamini mafuta yanakaa tumboni kama yale yanayoganda juu ya supu ikipoa, ndo maana nikishapiga chipsi mayai nakimbilia maji ya moto na ndimu niyayeyushe yatoke. Sasa kwanza mwili una nyuzi 37, mafuta ya kupikia yanakuwa yashayeyuka hata bila ndimu yangu. Pili maji hayapatani na mafuta, hata yawe ya moto vipi, muulize aliyewahi kuosha sufuria la pilau bila sabuni. Sabuni ya mwili ni nyongo, inatengenezwa na ini, ndo inayoyavunja mafuta yawe matone madogo halafu vimeng'enya vya kongosho, yaani kemikali za kusaga chakula, vinayakatakata. Na kinachochekesha ni kwamba hata ndimu ingefanikiwa, ningekuwa nimeusaidia utumbo kuyafyonza, sio kuyatoa!

Haya, yakifika utumbo mdogo, fikiria godauni la mchele ambalo mlango wake mwembamba, gunia halipiti. Gunia linafunguliwa nje, mchele unaingizwa kwa debe, ukishafika ndani unashonwa tena kwenye gunia jipya. Seli ya utumbo inafanya hivyohivyo, mafuta yanaingia vipandevipande, ndani yanaungwa upya na kufungwa kwenye vifurushi vinaitwa kailomikroni. Vifurushi hivi ni vikubwa mno kwa vile vimishipa vidogo vya damu, kwa hiyo vinapita mishipa ya limfu, ile inayobeba majimaji ya mwili badala ya damu, hadi karibu na shingo upande wa kushoto, ndo vinamwagika kwenye damu. Mwitaliano Gaspare Aselli aliiona njia hii mwaka 1622, alipasua mbwa aliyetoka kula akakuta nyuzi nyeupe, kutoboa moja ikatoka kitu kama maziwa.

Ila sio magunia yote yanapakiwa siku hiyohiyo. Mengine yanabaki stoo, vitone vya mafuta ndani ya seli, masaa kadhaa. Umekula saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni unakunywa glukosi isiyo na tone la mafuta, na mafuta kwenye damu yanapanda, yaleyale ya mchana. Yaani sukari ni kama honi ya lori. Na wapo waliopewa chakula chenye mafuta watafune tu kisha wateme, bado yakapanda.

Tusivuke mipaka lakini, vipimo hivi vimefanywa kwa watu wachache, tena wengi walipewa glukosi tupu kwenye maji, sio chai ya maziwa na maandazi, na kinachobaki stoo ni sehemu ndogo, mengi yanaondoka masaa machache baada ya kula. Wala kitambi hakikai hapo. Seli za ukuta wa utumbo zinaishi siku 3 hadi 5 hivi kisha zinabanduka, godauni na kuta zake linajengwa upya.