Gitaa la Umeme la Nyuzi 12 kwa Mpigaji wa Gitaa Kavu: Anza na Shingo

Wapigaji wa gitaa kavu wanaoniletea ala zao nizitengeneze huniuliza mara kwa mara kuhusu gitaa la umeme la nyuzi 12, na karibu kila mara swali la kwanza huwa ni la sauti: lipi lina ule mng'ao unaosikika katika rekodi za miaka ya sitini? Swali hilo ni la haki, lakini mimi huliweka la pili. Mtu aliyezoea gitaa kavu huja na mikono iliyofundishwa na shingo pana, nyuzi nene na mapigo ya nguvu yanayotikisa mbao, na mazoea hayo ndiyo yatakayoamua kama gitaa jipya litapigwa kila siku au litabaki limetundikwa ukutani. Sauti unaweza kuirekebisha kwa amplifaya, kwa pikapu, hata kwa kubadilisha piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi. Upana wa shingo haurekebishiki.

Ni vizuri ifahamike mapema kwamba hili si gitaa kavu lililoongezewa waya. Gitaa kavu la nyuzi 12 lililowekewa kinasa sauti chini ya daraja, yaani kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili, hupaza mtetemo wa sanduku lake pamoja na nyuzi, ilhali katika gitaa la umeme pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, hunasa mtetemo wa nyuzi zenyewe. Mpangilio ni uleule unaoujua: jozi za E ya juu na B zina nyuzi mbili zinazolingana, na jozi za G, D, A na E ya chini zina uzi wa kawaida pamoja na mwenzake mwembamba ulio oktava moja juu, yaani noti ileile kwa sauti ya juu zaidi. Kinachobadilika ni jinsi makosa yanavyosikika, kwa kuwa uzi uliokufa chini ya kidole, ambao kwenye gitaa kavu ungefunikwa na mwangwi wa sanduku, hapa hujitokeza waziwazi.

Sasa tuje kwenye shingo. Magitaa kavu mengi ya nyuzi 12 yana upana wa milimita 47 au 48 pale kwenye kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki kinachotenganisha shingo na kichwa, na magitaa kavu ya nyuzi sita kwa kawaida huwa kati ya milimita 43 na 45. Linganisha na Rickenbacker 360/12, aina ya gitaa ambalo George Harrison wa The Beatles alilipata mwaka 1964 na ambalo liliwafanya watu wengi waitamani ala hii: shingo yake ina takriban milimita 41 tu. Nyuzi 12 zimebanwa katika nafasi iliyo finyu kuliko ile uliyozoea kwa nyuzi sita. Mwenye vidole vyembamba anayepiga kwa piki huweza kuufurahia ufinyu huo, kwa sababu kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) za kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote hazimchoshi mkono. Mwenye vidole vinene, au anayedonoa nyuzi kwa vidole vya mkono wa kulia, hupata shida mara mbili, juu kwenye kizingiti na chini karibu na daraja, ambako vidole hukosa mahali pa kuingia kati ya jozi na jozi. Kampuni hiyohiyo imewahi kutengeneza pia 660/12, yenye shingo ya takriban milimita 44, na hiyo ndiyo ninayomshauri mpigaji wa gitaa kavu aijaribu kabla ya kuamua kwamba magitaa ya jina hilo hayamfai.

Jaribio ninalolitegemea halihitaji amplifaya. Shika kodi ya A ya kawaida, ile inayokusanya vidole vitatu katika freti ya pili (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo), kisha donoa jozi moja baada ya nyingine, polepole, ukizisikiliza nyuzi zote mbili za kila jozi. Ukifika kwenye jozi ya E nyembamba, sikiliza kama uzi mmoja unalia na mwenzake umenyamaza. Ukitazama kwa karibu utaona ubavu wa kidole cha pete umeugusa ule uzi wa ndani. Nyanyua kifundo cha mkono, simamisha ncha za vidole, jaribu tena. Ikiwa baada ya dakika chache za kutafuta mkao uzi ule bado unakufa, shingo hiyo ni nyembamba mno kwako, na sifa za gitaa hilo hazitakusaidia nyumbani. Baada ya hapo donoa kwa kidole gumba, cha shahada, cha kati na cha pete kama unavyofanya kwenye gitaa lako, na uangalie kama kila kidole kinazipata nyuzi mbili za jozi yake bila kukwaruza za jirani.

Sisemi kwamba shingo nyembamba haipigiki kwa mtindo wa gitaa kavu. Roger McGuinn wa kundi la The Byrds alitoka katika nyimbo za asili na banjo, na kwenye Rickenbacker yake alishika piki kwa gumba na kidole cha shahada huku kidole cha kati na cha pete vikivaa piki za chuma. Piki hizo za chuma ni nyembamba na hupenya mahali ambapo nyama ya kidole haipenyi. Mtu aliye tayari kujifunza mbinu hiyo ana nafasi pana zaidi ya kuchagua.

Kuna jambo jingine la mkono wa kulia ambalo wauzaji hulitaja mara chache. Kwenye magitaa mengi ya nyuzi 12, piki ikishuka hugonga kwanza uzi mwembamba wa oktava na kisha ule mnene. Rickenbacker imegeuza mpangilio huo, hivyo piki hukutana na uzi mnene kwanza, na sauti hupata uzito wa chini ambao mng'ao wa oktava huufuata. Kwa anayedonoa kwa gumba, mpangilio huu hufanya besi isikike imara zaidi, kwa kuwa gumba hutua juu ya uzi mnene moja kwa moja. Ukilijaribu gitaa la namna hiyo ukaliona kama lina sauti ya ajabu usiyoweza kuieleza, huenda sababu ni hiyo tu, na sikio litaizoea.

Daraja ndilo jambo la pili kwa uzito. Uzi mnene na uzi mwembamba, hata vikiwa na urefu uleule, havifiki kwenye noti sahihi kwa kipimo kimoja unapovibonyeza juu ya freti. Kila kimoja kinahitaji kusogezwa kidogo mbele au nyuma pale kwenye daraja. Magitaa yenye vitegemeo sita, kila kimoja kikibeba jozi nzima, yanalazimika kutafuta suluhu ya katikati. Fender Electric XII, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, ilikuwa na vitegemeo 12, kimoja kwa kila uzi, na kwa fundi kama mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara kubwa. Ukiwa dukani, tafuta mahali tulivu, chukua jozi ya G, nyamazisha uzi mmoja kwa kipande cha kitambaa, kisha linganisha sauti ya uzi uliobaki ukiuacha wazi na ukiubonyeza freti ya 12 kwa kutumia kifaa cha kutyuni. Rudia kwa uzi mwenzake. Tofauti ndogo kwenye daraja la vitegemeo sita ni ya kawaida, na wapigaji wengi huishi nayo. Lakini ikiwa kodi ya E pale chini ni safi na ileile ikipandishwa juu ya freti ya saba inapiga kelele, na wewe unapenda kupiga juu ya shingo, tafuta gitaa lenye vitegemeo 12.

Mpigaji wa gitaa kavu hushangazwa na wepesi wa nyuzi. Seti ya kawaida ya gitaa la umeme la nyuzi 12 huanza na uzi wa inchi 0.010 na kuishia karibu na 0.046, na uzi wa oktava wa jozi ya G huwa mwembamba kuliko zote, inchi 0.008 au 0.009. Huo ndio unaokatika mara nyingi zaidi, basi nunua wa ziada. Wengi wetu hulegeza gitaa kavu la nyuzi 12 hadi D na kuweka kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, freti ya pili ili kulinda mbao. Gitaa la umeme lililotengenezwa vizuri halihitaji tahadhari hiyo na linaweza kukaa katika E. Wepesi huo una gharama yake: ukibonyeza kwa nguvu ulizozoea, nyuzi nyembamba hupanda juu ya noti yake, na utadhani gitaa halikai kwenye tyuni. Punguza nguvu za mkono wa kushoto kwanza, kisha ndipo umlaumu fundi. Vilevile usihamishe nyuzi za shaba kutoka gitaa kavu, kwa sababu shaba hiyo haivutwi na sumaku, na nyuzi za chini zitasikika dhaifu mbele ya zile za oktava zilizo chuma kitupu. Tumia za chuma zilizozungushiwa waya wa nikeli.

Kuhusu pikapu nina upendeleo na siufichi: za koili moja, zisizo na nguvu kubwa, ndizo zinazoacha nyuzi 12 zitengane masikioni. Pikapu za koili mbili zenye nguvu huzisukuma nyuzi zote katika bonge moja la sauti, hasa upande wa besi. Amplifaya nayo iwe yenye uwezo wa kubaki safi sauti ikipanda, kwa maana ukwaruzaji unaopendeza kwenye nyuzi sita huzichafua oktava. Ule mlio mrefu wa McGuinn mwaka 1965 haukutoka kwenye gitaa peke yake. Studioni uliminywa sana kwa kompresa, kifaa kinachoshusha kilele cha pigo na kuinua mkia wake ili noti idumu. Kompresa ndogo ya kukanyaga ni nyongeza ninayoipendekeza kabla ya kitu kingine chochote.

Mwili wenye uwazi ndani husikika vizuri ukifanya mazoezi bila umeme, ila jukwaani huweza kuanza kuvuma. Mwili wa mbao nzima hauvumi kwa urahisi. Magitaa ya shingo mbili, kama Gibson EDS-1275 aliyoipiga Jimmy Page wa Led Zeppelin, niyaache kando: ni mazito, na nusu ya uzito huo ni gitaa la nyuzi sita ambalo huenda tayari unalo.

Kama unanunua lililotumika, litazame kutoka kwenye daraja kuelekea kichwani uone kama shingo imepinda, na uulize kama fimbo ya chuma iliyo ndani yake bado inazunguka. Lining'inize begani kwa mkanda uachie mikono, kwa kuwa vigingi 12 vya kukazia nyuzi hufanya kichwa kuwa kizito na magitaa mengine huinamia chini, hadi mkono wa kushoto ukageuka kuwa nguzo. Zungusha kila kigingi. Mwisho angalia mifereji ya kizingiti: ikiwa nyuzi zimekaa juu mno kwenye freti ya kwanza, noti za pale zitapanda hata ukibonyeza kwa upole, na gitaa zuri litaonekana baya. Hiyo ni kazi ndogo ya faili mkononi mwa fundi, na ni sababu nzuri ya kuomba bei ipunguzwe badala ya kuliacha.